Kupiga Windows Upya Si Ufundi

Mtu wa Berega, kule kaskazini mwa wilaya ya Kilosa katika nchi ya Wakaguru, akiharibikiwa na kompyuta ana njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga mashine katika boksi, kuipandisha basi na kuipeleka Morogoro mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Ya pili ni kumwita kijana wa jirani mwenye flashi mfukoni. Njia zote mbili aghalabu huishia mahali pamoja. Fundi huiwasha mashine, hutazama kioo kwa dakika chache, kisha hutoa hukumu: "Hii tuipige Windows upya." Saa moja baadaye mashine inawaka. Mwenye mali hulipa, hushukuru na kwenda zake. Baada ya wiki chache hitilafu ile ile inarudi.

Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Sisemi kwamba kusakinisha Windows upya ni kosa siku zote. Zipo nyakati inapobidi. Nasema kwamba katika shule zetu desturi hiyo imechukua nafasi ya uchunguzi, na kwamba inadhuru zaidi pale ambapo Windows yenyewe imekwisha kubadilishwa na mtu asiyeacha maandishi. Anayeipunguza Windows, au anayeiongezea kitu, hana budi kuandika alichofanya. Pasipo daftari hakuna kutafuta hitilafu. Kuna kubahatisha tu.

Windows iliyobadilishwa ni nini?

Wengi wetu huidhani Windows kuwa kitu kimoja, kama jembe. Kumbe ni mkusanyiko wa maelfu ya mafaili yanayotegemeana: haya yanaongoza printa, yale yanatunza tarehe, mengine yanaongea na diski. Tangu Windows XP ilipotolewa mwaka 2001, wapenzi wa kompyuta duniani waligundua kwamba diski ya kusakinishia yaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya kabla ya kutumiwa. Programu moja iliyopata umaarufu kwa kazi hiyo iliitwa nLite. Kwa nLite mtu aliweza kuondoa sehemu asizozihitaji, kutia ndani ya diski marekebisho yaliyotolewa baadaye, kuongeza draiva, yaani programu fupi zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa, na kuchomeka programu za nyongeza ili zijisakinishe zenyewe pamoja na Windows. Baadaye ilikuja Windows Vista, ambayo husakinishwa kutoka katika faili moja kubwa lenye sura nzima ya mfumo, na zana nazo zikabadilika. Leo wengi hutumia NTLite, na Microsoft yenyewe ina zana iitwayo DISM kwa kazi za namna hiyo. Kwa hiyo kuibadilisha Windows si uchawi, wala si uhuni. Makampuni makubwa hufanya hivyo kila siku ili kuandaa mamia ya mashine kwa pamoja.

Katika nchi yetu sababu kubwa ya kuibadilisha ni uhaba. Mashine nyingi za shule zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia, na kumbukumbu zake ni ndogo. Windows 10 ya biti 64 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, na Windows 11 inadai 4. Isitoshe, Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inadai pia kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Nayo Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kwa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Matokeo yake ni rahisi kuyatabiri. Flashi zenye Windows "nyepesi", zilizotengenezwa na watu tusiowajua, zitazidi kuzunguka mikononi mwetu, na kila moja itakuwa na siri zake.

Mfano wa baiskeli

Ndugu msomaji, fikiri juu ya baiskeli. Mtu anayetaka iwe nyepesi anaweza kuondoa madigadi, kengele, taa na kifuniko cha mnyororo. Wakati wa kiangazi ataona amefanya busara. Masika yakifika, tope litamrukia mgongoni, na mnyororo utaanza kula mchanga. Sehemu iliyoondolewa haikuonekana kuwa na kazi kwa sababu tu siku ya kazi yake ilikuwa haijafika. Kadhalika, mtu anayeongeza keria ya baiskeli ya aina nyingine anaweza kukuta tundu haziendani na bolti. Akilazimisha, keria itakaa, lakini itaachia siku ya mzigo mzito.

Hitilafu za Windows iliyobadilishwa ni za namna hizo mbili. Kuna zinazotokana na kilichoondolewa, na kuna zinazotokana na kilichoongezwa.

Tuanze na hizi za pili. Nyongeza iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows XP yenye marekebisho ya Service Pack 2, ikichomekwa katika diski yenye Service Pack 3 ya mwaka 2008, yaweza kurudisha faili kuukuu mahali pa faili jipya. Hakuna onyo litakalotokea siku ya kusakinisha; mashine itaanza kuyumba baadaye. Vivyo hivyo, draiva ya biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64, hata kama kifaa ni kile kile.

Mfano mwingine unahusu Windows 7. Ilitolewa mwaka 2009, kabla ya milango ya USB 3.0 kuenea, kwa hiyo haina draiva za milango hiyo. Ukiisakinisha katika mashine zilizotengenezwa miaka kadhaa baadaye, kibodi na kipanya vyaweza kufa mara tu ukurasa wa kwanza unapofunguka, nawe ukabaki unakitazama kioo kinachokuuliza swali usiloweza kulijibu. Dawa ni kuitia draiva hiyo ndani ya diski. Hapa ndipo wengi huteleza. Diski ya Windows 7 ina sura mbili: moja, boot.wim, huendesha kazi ya kusakinisha. Ya pili, install.wim, ndiyo Windows yenyewe itakayokaa katika mashine. Ukitia draiva katika ya kwanza peke yake, kibodi itafanya kazi wakati wa kusakinisha, kisha itakufa Windows itakapoanza. Ukitia katika ya pili peke yake, hutafika huko kabisa. Fundi asiyejua jambo hili atailaumu kibodi, atanunua nyingine, nayo itakufa vile vile.

Kosa langu mwenyewe

Zile za aina ya kwanza nilizifahamu kwa aibu. Nikifundisha katika shule moja ya kijijini, nilitengeneza diski ya Windows XP iliyopunguzwa ili ifae mashine zetu dhaifu. Shule haikuwa na printa, kwa hiyo niliondoa huduma nzima ya uchapishaji. Mashine zilikuwa nyepesi, nami nikasifiwa. Miezi saba baadaye tulipewa printa, wiki moja kabla ya mitihani ya muhula. Ilikataa katakata. Nilibadilisha waya. Nilitafuta draiva nyingine. Mwishowe nikafanya kama mafundi wote: nikapiga Windows upya, mara tatu, kwa diski ile ile.

Naomba vijana walitazame kosa hili kwa makini, kwani ndilo kiini cha makala haya. Hitilafu haikuwa katika mashine. Ilikuwa katika diski. Kila nilipoisakinisha upya niliipanda hitilafu ile ile kwa mikono yangu, nikidhani naiondoa. Mitihani ilifika, tukaandika maswali ubaoni, na wanafunzi waliokaa nyuma wakawa wanauliza kila dakika namba fulani imeandikwaje. Jibu lilipatikana baada ya mtihani, tulipoiunganisha printa na mashine nyingine yenye Windows asilia, ikachapa mara moja. Uamuzi wangu wa awali haukuwa wa kijinga, maana printa haikuwapo. Ujinga ulikuwa kutouandika.

Utafutaji wa hitilafu ni sayansi

Mwalimu wa biolojia akitaka kujua kama mbolea inasaidia mahindi, hapandi shamba lote kwa mbolea. Hutenga tuta moja lisilotiwa kitu, ili apate la kulinganisha. Tena habadilishi mbegu, maji na mbolea kwa siku moja, maana hatajua ni kipi kilicholeta mabadiliko. Kanuni hizo mbili ndizo msingi wa kutafuta hitilafu katika kompyuta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika dalili jinsi zilivyo. Mashine ikionyesha kioo cha buluu chenye namba, namba hiyo inakiliwe yote. Mathalani, namba 0x0000007B maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski inayopaswa kuanzia. Ilikuwa ya kawaida sana kwa Windows XP katika mashine zilizotumia mpango mpya wa diski uitwao AHCI, kwa kuwa diski asilia ya XP haikuwa na draiva yake. Aliyeisoma namba hiyo alijua mahali pa kwenda: ama atie draiva katika diski ya kusakinishia, ama abadilishe mpango wa diski katika mipangilio ya mashine yenyewe. Asiyeisoma aliishia kusema diski imekufa, na diski nzima ikatupwa.

Hatua ya pili ni kusoma kumbukumbu ambazo Windows huziandika yenyewe. Kuanzia Vista, habari za usakinishaji hutunzwa katika folda ya Panther iliyo ndani ya folda ya Windows, na makosa huandikwa katika faili la setuperr.log. Ni maandishi makavu, lakini hayasemi uongo.

Hatua ya tatu ni kuiwasha mashine katika hali salama, ambamo Windows huanza kwa draiva chache tu za lazima. Ikitulia humo, basi yamkini kosa liko katika draiva au programu iliyoongezwa.

Hatua ya nne ni tuta la kulinganisha: sakinisha Windows asilia, isiyoguswa, katika diski ya akiba au katika mashine nyingine ya aina ile ile. Hitilafu ikitokea hata humo, acha kuilaumu diski yako, tazama kifaa. Isipotokea, mshukiwa ni badiliko ulilolifanya.

Hatua ya tano inawafaa wanafunzi wa hisabati. Tuseme umeongeza programu za nyongeza 16, na moja ndiyo mkosaji. Ukizijaribu moja moja, huenda ukahitaji majaribio 15. Lakini ukiweka 8 tu kwanza, jibu litakuambia mkosaji yumo katika nusu ipi. Kisha 4, kisha 2, kisha 1: majaribio manne yanatosha. Tahadhari moja tu. Njia hii inadhani kwamba mkosaji ni mmoja. Ikiwa nyongeza mbili zinagombana, kila moja ikiwa peke yake itaonekana kuwa na tabia njema. Ukiona majibu yanapingana, rudi katika daftari uangalie ni zipi zilizokuwa pamoja.

Narudia neno daftari, maana hatua hizi zote zinalitegemea. Huwezi kugawa katikati orodha usiyokuwa nayo.

Historia yetu wenyewe

Taifa letu lina funzo la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara hiyo kushindwa kutimiza kazi iliyotarajiwa. Ujuzi wa mitambo ile ulikuwa zaidi mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na wazalendo walioweza kuwafuata walikuwa wachache. Sitaki kuamua hapa kama marufuku ile ilikuwa ya haki. Ninachotaka kionekane ni kwamba mtambo ambao siri zake zimo kichwani mwa mgeni si mali ya mwenye mtambo. Flashi ya Windows iliyopunguzwa na mtu asiyejulikana ni hali ile ile kwa kipimo kidogo: mgeni ameondoka, nasi tumeachiwa mashine.

Tunao pia mfano mwema. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Nao walibadilisha kazi ya watu wengine. Tofauti ni kwamba msimbo wake uko wazi, leseni inaruhusu, na kila badiliko laweza kusomwa na atakayekuja nyuma. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili kwa Windows kama nyongeza inayokaa juu ya Windows ya Kiingereza, ambapo yasiyotafsiriwa hubaki kwa Kiingereza. Mtu aliyeondoa msingi huo kwa haraka, kisha akataka Kiswahili, alikuwa kama anayejenga paa baada ya kubomoa ukuta. Kila nyongeza husimama juu ya kitu, na lazima kitu hicho kijulikane ni kipi.

Majibu kwa wenye mashaka

Wapo watakaosema: "Mwalimu, hayo ni ya maabara za mijini. Sisi tuna mashine tano, umeme wa kukatikakatika na vipindi vya dakika 40. Piga upya, watoto wasome." Nawaelewa. Lakini Berega ndiko hasa kunakostahili daftari, maana fundi yuko mbali. Aliye karibu na duka la vipuri anaweza kumudu kubahatisha. Aliye mbali hawezi. Tena, kila mashine inapopigwa upya bila uchunguzi, kazi za wanafunzi na hesabu za alama zilizokuwamo zaweza kupotea, na ushahidi wa chanzo cha hitilafu hufutwa. Ni kama kumzika marehemu kabla daktari hajauliza ameugua nini, wakati nyumba nzima inakunywa maji ya kisima kile kile.

Wengine watasema kwamba tuache kabisa kuibadilisha Windows. Hao nao sikubaliani nao. Mashine dhaifu inahitaji kupunguziwa mzigo, au ipewe mfumo mwepesi wa Linux, ulio huru na usiodai leseni ya kununua. Lakini kazi ya kuibadilisha Windows tuifanye wenyewe, kutoka katika nakala asilia, kwa mashine zetu. Kuchukua nakala iliyobadilishwa na mtu usiyemjua ni hatari. Huenda kinga ya virusi imeondolewa humo, huenda njia ya kupokea marekebisho imefungwa, na huenda limetiwa jambo baya zaidi. Tena, leseni ya Microsoft hairuhusu kugawa nakala za namna hiyo. Kwa Windows 11, Microsoft huchapisha alama ya utambulisho wa faili, yenye tarakimu na herufi 64, iitwayo SHA-256. Faili likibadilishwa hata kidogo, alama yake hutofautiana. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikagua kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows.

Pendekezo

Napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, kila shule itunze nakala moja asilia ya mfumo inaoutumia, pamoja na alama yake, katika kabati lenye kufuli. Pili, kila mashine iwe na daftari lake la kurasa 40, lenye tarehe, kilichoondolewa, kilichoongezwa na toleo lake, sababu, na jina la aliyefanya. Tatu, wanafunzi wenyewe walishike daftari hilo kwa zamu, na mwalimu alisahihishe kama anavyosahihisha ripoti ya jaribio la kemia. Mwanafunzi aliyeandika "nimeondoa huduma ya uchapishaji kwa sababu hatuna printa" amejifunza sayansi zaidi kuliko aliyekariri sehemu kumi za kompyuta.

Wenye maduka wa kwetu wana msemo wao: mali bila daftari huisha bila habari. Siku moja mashine itagoma Berega wiki moja kabla ya mtihani. Siku hiyo mwalimu asianze kwa kuuliza ni nani mwenye flashi. Aanze kwa kuuliza daftari liko wapi.